Walioingia Wanane, Waliotoka Saba

Kila mji wa milimani una watu wake wa kujivunia. Sisi wa Tolliver tunao waliopanda Kipara, ule mlima ulioinamia ziwa letu, mara kumi kumi, kwa kamba na shoka za barafu. Picha zao zimetundikwa ukutani mwa baa, ndevu zimeganda theluji, meno yote nje. Picha ya Ardith Tveit haijatundikwa popote. Yeye kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu kandokando ya ziwa, penye tambarare, polepole.

Ni maili mbili na robo kulizunguka ziwa lote, na mabenchi sita njiani. Walikwenda kila Jumatano saa tatu asubuhi, kuanzia theluji inapoondoka njiani mwezi wa Mei mpaka inaporudi Oktoba. Waliokuja ni wenye magoti mabovu na nyonga za chuma, wajawazito, waliotoka kupasuliwa moyo, na wajane waliochoka kuzungumza na televisheni. Vijana wa kupanda mlima waliibandika siku hiyo jina la Jumatano ya Magoti, wakidhani wanamkejeli. Ardith alilipenda jina hilo, akaliandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo lake pale posta.

Na asije mtu akadhani kuwa njia ikiwa rahisi basi na kazi ni rahisi. Ardith alikuwa amepika shuleni miaka ishirini na sita. Kuchunga watu wengi bila wao kujua wanachungwa ndiyo ufundi aliotoka nao kule. Alimjua mzee anayesimama kila mara kusifia mandhari kumbe pumzi imekata. Alimjua mama anayesema kiatu kinambana kumbe goti limegoma. Hakuwaumbua. Alikaa nao kwenye benchi akaanza kuwasimulia habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu, mpaka rangi ziwarudie usoni.

Mumewe Merle ndiye aliyekuwa mfunga mkia. Alikuwa dereva wa greda la wilaya, majira ya baridi akisukuma theluji barabarani, kiangazi akisawazisha vumbi. Pande la mtu, maneno machache. Alitembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu, na penye kona ya vichaka vya matunda alipaza sauti, "Haya dubu, tunapita, usiinuke!" Kwenye kila benchi Ardith, akiwa mbele na bila kugeuka, aliita, "Merle, tumetimia?" Kutoka nyuma likaja jibu, "Tumetimia!" Wakaendelea. Miaka ishirini na minane Ardith hakuwahi kugeuza shingo kwenye njia ile.

Lile sanduku la daftari pale mwanzo wa njia nalo ni mkono wa Merle. Septemba moja, zamani, mgeni alikuja peke yake, akaegesha gari, akaingia njiani jioni kunyoosha miguu. Aliteguka kifundo, akaangukia nyuma ya jiwe, hatua thelathini tu kutoka benchi la nne. Siku mbili hakuna aliyemtafuta, maana nani apotee kwenye njia ya vikongwe? Baridi inayoshuka kutoka kwenye barafu ya Kipara ilimmaliza usiku wa kwanza. Merle ndiye aliyemkuta. Baada ya wiki akagongomea sanduku, akatia daftari na penseli iliyofungwa kamba, akawawekea sheria wenzake wa kikosi cha uokoaji, ambao ni watu wa kujitolea tu: fundi bomba, mwalimu, wauza mbao.

Sheria yenyewe ni hii. Ukiingia unaandika jina na idadi ya watu wako. Ukitoka unaandika idadi. Jioni mlinzi wa kambi ya wageni iliyo kando ya ziwa anasoma. Namba zikipishana, kikosi kinazunguka ziwa zima, kinasimama kwenye kila benchi, kinaita jina la mtu, kinanyamaza kwa hesabu ya ishirini ili kusikiliza, ndipo kinasogea. Na hakuna kufuta namba kabla ya kutembea. Mara moja walikuwa wakimtafuta mtu ambaye kumbe yuko baa, yuko bia ya tatu. Habari iliwafikia benchi la pili. "Tumalizie," Merle akasema. Wakamalizia, benchi baada ya benchi, wakimporomoshea matusi yule mlevi.

Merle alifia kwenye kochi, Jumanne ya Februari, saa kumi na moja jioni. Ardith alikuwa jikoni anakoroga supu ya njegere. Alimwita mara mbili aje aonje chumvi. Alipotoka akamwona, akajua pale pale. Uliyeishi naye miaka arobaini na moja huhitaji kuambiwa. Akarudi jikoni. Akazima jiko. Akafunika sufuria. Akaosha mwiko, akaufuta, akautundika mahali pake. Ndipo akapiga simu.

Kesho yake aliipasha ile supu akainywa, nayo ilikuwa tamu. Hakumwambia mtu habari ya mwiko wala ya utamu wa supu.

Tangu hapo ndani mwake mlikufa ganzi, kama mguu ulioukalia. Mazishi yalipita, ukumbi wa kanisa ukajaa sinia za tambi na samaki wa kopo, watu wakamkumbatia mpaka mbavu zikalia, naye akawa anafikiria sahani zipi ni za nani. Hakulia pale, hakulia nyumbani. Machi ikaja, Aprili ikaja. Akiwa anapiga mswaki alijiuliza, kwa utulivu wa mtu anayejiuliza kama amefunga mlango: hivi nilimpenda? Jibu halikuja. Alijua kwamba alipaswa kuogopa, na hata woga wenyewe haukumfika. Lakini swali halikuondoka. Mtu akiishi na mwenzake umri mzima, kisha akafa, na supu ikawa tamu, basi ule umri wote ulikuwa wa nini?

Lavonne, dada yake Merle, hakuwa mtu wa kuuliza maswali kwenye mswaki. Huyo mdomo wake hauna breki. Jumapili ya mwisho wa Mei alikuja baada ya kanisa, akaketi jikoni na mkoba mapajani.

"Wifi, mimi nimelia mpaka kope zimenyonyoka. Wewe hata chozi la kusingizia?"

"Sijui, Lavonne."

"Hujui nini? Kulia nako kunasomewa?"

"Labda yatakuja."

"Miezi mitatu! Yanakuja kwa miguu?" Lavonne aliinama mbele. "Niambie kweli. Kaka yangu ulimpenda, au ulimzoea tu?"

Ardith alimmiminia kahawa. "Sukari umeshaweka?" akauliza.

Lavonne alinyanyuka akaondoka, kahawa akaiacha inafuka moshi.

Jumatano iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya msimu. Bado kulikuwa na vipande vya theluji chafu chini ya misonobari, na maji ya ziwa yalikuwa na ile rangi yake ya maziwa yaliyotiwa buluu, kwa unga wa mawe ambao barafu inausaga huko juu. Walikuja watu sita, pamoja na Bertil Aune na nyonga yake mpya. Ardith alisimama kwenye sanduku akahesabu vichwa: sita. Akajumlisha wawili, kama alivyojumlisha miaka ishirini na minane, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Akaandika nane.

Wakatembea. Kwenye mabenchi hakuita. Alisimama kidogo, kwa muda ambao jibu lingechukua kufika, kisha akaendelea. Wale sita waliangalia viatu vyao. Walipotoka alisimama tena kando ya sanduku, wakampita mmoja mmoja, sita, na yeye saba. Akaandika saba. Akafunga kifuniko, akaenda nyumbani, akala mkate na nyama baridi akiwa amesimama.

Saa moja na robo jioni, jua bado liko juu ya Kipara, Lavonne alikuwa amerudi na pai ya tufaha, ambayo kwake yeye ndiyo namna ya kuomba radhi bila kufungua mdomo. Hawajaikata, pikapu ya kikosi ikasimama nje. Alishuka Orrin Haugland, mkuu wa kikosi, aliyegawana greda na Merle miaka kumi na tisa. Nyuma yake alishuka Teresa Quintana, mlinzi mpya wa kambi, mwenye wiki mbili tu kazini, amekumbatia daftari.

"Shemeji, samahani kukuingilia jioni," Orrin alisema mlangoni. "Tuna mtu ziwani."

"Nani?"

"Ndiyo tumekuja kukuuliza. Ni wa kundi lako."

"Kundi langu limetoka lote."

"Mama, umeandika wameingia wanane," Teresa alisema. "Wametoka saba. Nimewapigia simu wote niliotajiwa, wote wako majumbani. Lakini kila mmoja nikimuuliza nani alikuwa nyuma yake, anasema hakugeuka."

"Bertil anadai yeye ndiye alikuwa wa mwisho," Orrin alisema. "Lakini Bertil wa kumwamini? Yule hata mguu uliopasuliwa ni upi anasahau." Alikwishatoa kalamu. "Watu wangu wako pale mwanzo wa njia, mbwa tumeshawashusha. Nipe jina tu, shemeji. Umri, na alivaa nini."

Ardith alivaa miwani, akachukua daftari. Mwandiko ulikuwa wake. Aliwahesabu wale sita kwa vidole, akajihesabu, akabakiwa na kidole kimoja kimesimama. Alikitazama.

"Miaka sabini na miwili," alisema. "Koti la kijani."

Orrin aliandika. "Jina?"

"Merle."

Kalamu ikasimama. Lavonne aliketi kwenye kiti cha karibu bila kuangalia kama kipo.

"Merle nani?" Teresa aliuliza. "Ana simu?"

"Teresa, ngoja kwanza," Orrin alisema. Akavua kofia, akaigeuza mkononi kama anatafuta ilipoanzia. "Basi, shemeji. Mkono tu umekosea. Inatokea. Teresa, futa hapo, weka saba, niwaambie watu warudi makwao."

Teresa alitoa kifutio mfukoni. Ardith akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hakuna kufuta kabla ya kutembea," alisema, kwa sauti ile ile ya kuuliza sukari.

"Shemeji..."

"Mlevi mlimzungukia ziwa zima, na mlishajua yuko baa."

"Wifi, umerukwa na akili?" Lavonne alifoka. "Kaka yangu tumemzika wote! Unataka kwenda kumwita porini mbele ya watu?"

"Sheria sikuiweka mimi."

Wala hakuwa anajitia ushujaa, na huzuni yenyewe hakuisikia. Namba mbili zilikuwa hazilingani, na katika miezi mitatu hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomkera. Orrin alimtazama, akatazama anga. Mwanga ulikuwa umebaki wa saa mbili nzima.

"Ni maili mbili na robo," alisema mwishowe. "Njia rahisi."

Pale mwanzo wa njia walikuwepo watu kumi na mmoja wenye makoti ya rangi ya chungwa. Orrin aliwaeleza kwa sentensi mbili. Mmoja alicheka, akapigwa kiwiko. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mbwa walirudishwa garini. Huwezi kumpa mbwa kazi ya namna hiyo.

Benchi la kwanza aliita Orrin, kwa jina kamili, kama wanavyofunzwa. "Merle Tveit!" Sauti ilikwenda juu ya maji. Wakanyamaza, Orrin akihesabu kwa midomo. Barafu ilikuwa inadondoka ng'ambo. Ishirini. Wakasogea.

La pili, Teresa aliuliza kama anaweza kuita naye. "Mimi hata simjui."

"Wengi tunaowatafuta hatuwajui," Orrin alimjibu.

"Bwana Merle!" Teresa aliita, kwa haya, kama anayebisha hodi kwa watu wakubwa. Wakahesabu ishirini.

Lavonne alikuwa amekuja na viatu vya kanisani, vile vya kisigino, akilalamika njia nzima kwamba mawe hayana adabu. Benchi la tatu hakungoja kuambiwa. Aligeukia ziwa akaweka viganja mdomoni. "Merle! We Merle! Chakula tayari!" Ndivyo alivyokuwa akimwita shambani kwao, yeye ana miaka kumi na Merle ana saba. Kisha akaketi akalia kwa kwikwi, hata Orrin ikabidi aanze hesabu upya, maana katika kelele hakuna kusikiliza. Ardith alimpa kitambaa. Aliangalia mkono wake ukitoa kitambaa, ukifanya vizuri tu. Ndani kimya.

La nne, karibu na lile jiwe, waliita wote kwa pamoja. Penye kona ya vichaka mtu mmoja alisema chini chini, "Haya dubu, tunapita, usiinuke," na hakuna aliyecheka. La tano aliita kijana wa greda aliyerithi kiti cha Merle. Kila mara ishirini, kila mara maji na barafu tu.

Wakafika la sita.

"Hili ni lako, shemeji," Orrin alisema.

Ardith alisimama alivyozoea kusimama hapo, uso mbele, mgongo kwa watu. Alifungua mdomo aite jina kamili, kama wengine. Jina kamili halikuja. Neno lililotoka ni lile ambalo lilikuwa limezoea kutoka.

"Merle, tumetimia?"

Hakupaza sauti. Hakuwahi kuipaza, maana siku zote Merle alikuwa nyuma yake hatua arobaini tu.

Orrin alihesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Akainua mguu asogee, na hapo wakamsikia Ardith, sasa kwa sauti: "Ishirini na moja. Ishirini na mbili." Orrin akaushusha mguu. Hakuna aliyesogea. "Ishirini na tisa. Thelathini." Sauti ilikuwa imeanza kuparuza. "Thelathini na tano. Thelathini na sita."

Akakoma. Na kwa mara ya kwanza kwenye njia ile, akageuza shingo.

Alimwona Orrin, na Teresa, na Lavonne miguu mitupu ameshika viatu mkononi. Aliona makoti kumi na moja ya rangi ya chungwa yamejipanga moja nyuma ya jingine. Nyuma ya koti la mwisho ilikuwepo njia, na njiani hapakuwa na mtu.

"Hatujatimia," alisema.

Ndipo magoti yakamwisha, yeye mwenye Jumatano ya Magoti. Alikaa chini palepale kwenye changarawe, benchi liko hatua mbili, akalia. Hakulia kilio cha kanisani. Alilia kwa mdomo wazi, kamasi zinatiririka, mikono inachota changarawe na kuimwaga. Lavonne alitupa viatu akapiga magoti kando yake.

"Nilizima jiko kwanza, Lavonne."

"Jiko gani?"

"Siku ile. Yeye yuko pale kwenye kochi, mimi nikaenda kuzima jiko. Nikaosha mwiko. Nikautundika, Lavonne, nikautundika! Na kesho yake nikainywa ile supu, ikawa tamu."

Lavonne alimfuta pua kwa kitambaa kile kile alichopewa benchi la tatu. "Supu ya njegere?"

"Ya njegere."

"Ungeiacha iungue, angeinuka pale kochini akuseme."

Ardith akacheka ndani ya kilio, akapaliwa, Lavonne akampiga piga mgongoni. Wale wa makoti walikuwa wamegeuka wote kutazama ziwa, kwa bidii kama hawajawahi kuliona.

Walifika kwenye sanduku mwanga ungalipo. Teresa alimpa kifutio, Ardith akatikisa kichwa. Nane akaiacha, saba akaiacha. Alichukua ile penseli ya kamba na mbele ya namba akaandika: Merle Tveit. Tumemtafuta njia nzima. Harudi. Ule mkono wa penseli ulimchoma, na bega, na kifua chote kilimchoma, kama mguu uliokaliwa unaporudiwa na damu, hata ukataka kuupigia kelele. Hakujiuliza tena lile swali la mswaki. Aliangalia saa, akaandika saa.

Orrin alitia sahihi chini yake, kama sheria inavyotaka, akafunga sanduku.